Mgeni Hupewa Dakika 20

Kazi yake klabuni ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kuigombea: kutafuta mtu wa kuzungumza. Marais wa klabu za Rotari hubadilika kila tarehe 1 Julai, wahazini hubadilika, kamati huvunjwa na kuundwa upya. Yeye, mama aliyestaafu uofisa wa benki, mratibu wa wageni, alibaki na daftari lao mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila aliyeombwa kulipokea alikuwa na safari.

Klabu yenyewe hukutana Dar es Salaam, mchana, katika ukumbi wa hoteli, kwa utaratibu ambao mwanachama kutoka Kampala au Chicago angeutambua hata akiingia amechelewa. Kengele inagongwa, wimbo wa taifa unaimbwa, watu wanapakua chakula, matangazo yanasomwa, faini za utani zinatozwa kwa aliyesahau beji au aliyetokea gazetini bila kuwaambia wenzake. Halafu mgeni. Mgeni hupewa dakika 20, maswali dakika tano, na saa nane kamili kengele inalia tena, maana kila mtu ana ofisi inayomsubiri.

Wageni wengi walitoka asasi za hapohapo mjini: kituo cha watoto, kikundi cha akina mama, chama cha watu wenye ualbino, wauguzi wa kujitolea, vijana wanaookota taka ufukweni. Baada ya kuwasikiliza wote hao, mama huyu ana msimamo ambao baadhi ya wenzake hawaupendi. Hotuba ikiwa mbovu, anasema, lawama si ya mgeni. Ni ya waliomwita.

Anapenda kutoa mfano wa kijana mmoja aliyekuja kutoka shirika lenye ofisi nzuri na magari yake. Alivaa suti, akaunganisha kompyuta na projekta, akaanza na dira, akaenda kwenye dhamira, akafika kwenye maadili ya msingi. Wakaja wadau. Wakaja walengwa wa moja kwa moja, na nyuma yao walengwa wasio wa moja kwa moja. Watu wakajengewa uwezo, afua zikawa shirikishi, na wahudumu wa hoteli, ambao hawana muda na dira ya mtu, wakaanza kukusanya sahani. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja mwenye biashara ya matairi akasimama taratibu. "Mwanangu, nimekusikia vizuri, hongera sana. Sasa hebu nieleze: jana asubuhi ulipofika kazini, ulifanya nini?"

Kijana akacheka, akafunga kompyuta. Jana asubuhi, alisema, hakufika hata ofisini. Alikuwa kwenye kituo cha polisi na mama aliyepigwa na mumewe, wakisubiri fomu ya PF3 ili mama akatibiwe. Fomu zilikuwa zimeisha, wakaambiwa wakadurufu wenyewe, na duka la kudurufu lilikuwa halina umeme. Alisimulia kwa dakika mbili. Wakili aliyekuwa amesinzia pembeni ya dirisha alikaa wima, na baada ya mkutano ndiye aliyemsindikiza kijana hadi kwenye gari, wakizungumza njia nzima.

Kosa lilikuwa wapi? Barua ya mwaliko ilisema: tunakukaribisha utueleze kuhusu shirika lako. Kijana wa watu alifanya alichoombwa. Tangu hapo barua ikaandikwa upya, ikawa na swali moja tu: ni kitu gani kimekukwamisha mwezi huu ambacho mwenye duka, wakili, daktari au fundi anaweza kukikwamua? Baadhi ya mashirika makubwa yalijibu kwamba ofisa mawasiliano angewasiliana baadaye. Vikundi vidogo vilijibu siku hiyohiyo, vingine kwa ujumbe wa simu, na majibu yao yalikuwa mafupi.

Historia ya klabu za huduma ina mgeni aliyeleta ombi la namna hiyo bila kuandikiwa barua kama hiyo. Tarehe 30 Juni 1925, Helen Keller alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa Lions, klabu nyingine za huduma, huko Cedar Point, Ohio. Lions ilikuwa na miaka minane tu tangu ianzishwe na Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa Chicago, na ilikuwa bado inatafuta kazi ya kuifanya kwa dhati. Keller alikuwa ametimiza miaka 45 siku chache kabla. Alipoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, na mwalimu wake Anne Sullivan alikuwa pamoja naye. Alikwenda pale kuisemea asasi moja, American Foundation for the Blind, iliyoanzishwa 1921.

Angeweza kusimulia maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, na ukumbi ungelia kisha ungekwenda kula. Maisha hayo yalikuwa yameshajulikana dunia nzima. Yeye aliwapa kazi: wawe wapiganaji wa watu wasioona, wazuie upofu unaoweza kuzuiwa. Hotuba ilikuwa fupi. Lions wakaikubali kazi, na wameishikilia hadi leo. Mwaka 1930, mwanachama wa Lions wa Peoria, Illinois, aitwaye George Bonham, aliona mtu asiyeona akihangaika barabarani na fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuiona, akapendekeza fimbo hiyo ipakwe rangi nyeupe. Kabla mwaka haujaisha mji ulikuwa umepitisha sheria ya kumlinda mwenye fimbo nyeupe. Mpango wa Lions wa kupambana na upofu, SightFirst, ulianza 1990, na mkazi wa Nairobi anayekwenda kutibiwa macho katika hospitali ya Lions pale Loresho anafuata njia iliyofunguliwa na mgeni yule wa Ohio.

Tofauti ya Keller na yule kijana wa suti si kipaji peke yake, ingawa kipaji alikuwa nacho. Aliwajua waliokaa mbele yake. Walikuwa watu wenye maduka, wenye sauti kwenye mabaraza ya miji yao, wanaoweza kupitisha jambo. Hakuwaomba wawe madaktari.

Katika klabu ya Dar es Salaam, mgeni anayekumbukwa kuliko wote hakuwa hata na projekta. Alikuja na kikapu. Ni fundi cherehani wa Mbagala, kiongozi wa kikundi cha wanawake kilichoanza ili kipate mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilishona sare za shule, baadaye kikaanza kushona taulo za kike za kufua.

Alikuwa ameambiwa mikutano huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa amekariri ukurasa mzima. Sentensi ya kwanza ilitoka vizuri, ya pili ikakwama. Mratibu, aliyekuwa amekaa naye meza moja, akamgusa mkono. "Sema Kiswahili, dada. Humu ndani wote tunakielewa, na asiyeelewa atatafsiriwa na jirani yake." Ni ajabu kwamba jambo hilo lilihitaji kusemwa katika mji kama Dar es Salaam, lakini klabu nyingi za aina hii bado zinahesabu Kiingereza kama sehemu ya mavazi.

Basi akasema Kiswahili. Akatoa taulo moja kikapuni, akaiweka juu ya sahani nyeupe ya hoteli, akachukua nusu glasi ya maji na kuimwaga pale katikati, polepole. Wanaume kadhaa wakagundua ghafla kwamba matunda yaliyokuwa mbele yao yalihitaji kukatwa kwa uangalifu mkubwa. Yeye akaigeuza taulo na kuwapitishia waguse: chini ilikuwa kavu. Akaeleza tabaka zake, flaneli juu, kitambaa cha taulo katikati, kisichopitisha maji chini. Akaeleza na habari ya kodi, kwamba mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike na mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kuwa bei haikuwa imeshuka kwa mnunuzi. Kwa hesabu yake, mama wa Mbagala hakuhisi tofauti kodi ilipoondoka wala iliporudi.

Mtu akauliza swali lililotarajiwa: bei gani moja, na klabu ikitaka kununulia shule nzima itakuwa kiasi gani? Hapo ndipo alipowashangaza. Akashukuru, akasema wanunue wakipenda, lakini shida yake si hiyo. Katika shule mojawapo walizogawa, wasichana walikuwa wakirudi nyumbani nazo kwenye mabegi bila kubadilisha mchana kutwa, kwa kuwa milango ya vyoo vyao haikuwa na komeo. Msichana akiingia, mwenzake anashika mlango kwa nje. Siku mwenzake hayupo, haingii.

"Mimi naomba makomeo," alisema.

Ukumbi ulikaa kimya, lakini si kimya cha huzuni. Ni kile cha watu wanaopiga hesabu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu asiyeuliza maswali kwa kawaida, akanyanyua mkono. Milango ni ya mbao au ya bati? Inafunguka ndani au nje? Mama wa Mbagala akatoa kijidaftari: alikuwa amepima. Jumamosi iliyofuata mwenye duka akaenda mwenyewe na fundi wake, akakuta baadhi ya milango haina bawaba na fremu mbili zimeliwa na mchwa, komeo likipigiliwa halishiki. Kazi ikawa kubwa kuliko ilivyodhaniwa, likaingia na tenki la maji na bomba. Lakini ilianza na kitu cha bei ndogo ambacho mtu mmoja mezani alikuwa nacho rafuni dukani kwake.

Wanachama wapya husikia habari hiyo na kudhani vyoo ni kazi duni kwa klabu yenye jina. Wangesoma historia yao. Rotari ilianza Februari 1905, Paul Harris, wakili, alipokutana na wenzake watatu katika ofisi moja Chicago, na mwanzoni lengo lilikuwa urafiki na kupeana biashara. Kazi ya kwanza ya kijamii ambayo klabu hiyo ya Chicago iliishughulikia, kuanzia 1907, ilikuwa kudai vyoo vya umma katikati ya mji. Wenye viwanda vya bia walipinga, kwa hoja kwamba baa zina vyoo. Wenye maduka makubwa nao walikuwa na vyao kwa ajili ya wateja wa kike. Klabu haikurudi nyuma, vyoo vikajengwa.

Na kuna jambo jingine. Miongo michache iliyopita mama wa Mbagala angezungumza mbele ya wanaume peke yao. Rotari haikupokea wanawake kwa karne karibu nzima. Klabu ya Duarte, California, ilipowaingiza 1977 ilifukuzwa kwenye shirika, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na uamuzi wa Mei 1987 ukawafungulia wanawake mlango. Mratibu wetu mwenyewe asingekuwa na daftari lolote la kushika. Wala yule dada asingepata wa kumgusa mkono.

Kabla ya mgeni kufika ukumbini, yapo yanayomkuta njiani. Kiongozi wa kikundi kidogo kutoka Chanika hupanda magari mawili au matatu hadi katikati ya mji. Getini mlinzi humuuliza anakwenda kwa nani, tena kwa sauti ambayo hamuulizi mwenye gari. Akiingia hukuta meza ya chakula na hajui kama ni ya kulipia. Wapo waliokaa na glasi ya maji tu, wakazungumza kuhusu lishe ya watoto matumbo yao yakiwa matupu. Mwishoni walipewa kalamu, cheti na bendera ndogo ya klabu, vitu vizuri visivyolipa nauli. Mratibu alipigania mambo mawili kwenye kamati, na kamati ilibishana kwa muda usiolingana na uzito wa jambo: mgeni apokelewe getini na mwanachama, na arudishiwe nauli kwa simu kabla hajaondoka. Mhazini mmoja alisema huko ni kumlipa mtu kwa kuja kuomba. Alijibiwa kwamba ni klabu iliyomwomba aje.

Hoja ya nauli si ya adabu pekee. Hospitali ya CCBRT, iliyoko Dar es Salaam hiyohiyo, iliwahi kukabiliana nayo kwa ukubwa mwingine. Upasuaji wa fistula ulikuwa bure, ila wanawake wengi waliouhitaji walikuwa vijijini na hawakuwa na pesa ya basi. Kuanzia 2009, kwa kushirikiana na Vodacom, nauli ilitumwa kwa M-Pesa kwa mabalozi wa mikoani, nao wakawakatia wagonjwa tiketi; balozi alipata malipo madogo mgonjwa akishafika. Mtaalamu wa afya aliyewahi kuieleza habari hiyo klabuni aliwanyima wasikilizaji picha za kutoa machozi. Aliwaonyesha tu safari ya mgonjwa mmoja, kutoka kijijini hadi wodini, na mahali ambapo ingekatika.

Haimaanishi kwamba kila aliyesimama mbele ya klabu alikuwa malaika. Zipo asasi zinazoishi ndani ya mkoba wa mwenyekiti. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inataka usajili na taarifa za kila mwaka, na mratibu, kwa mazoea ya benki, aliomba kuona vyeti kabla ya kupanga tarehe. Hata hivyo anaamini zaidi katika kwenda kutazama. Aliwahi kufika kwenye kituo kilichosifiwa sana kwenye barua, akakuta bango jipya, kufuli lenye kutu, na jirani asiyewahi kuona mtoto pale. Aliwahi pia kufika kwa mama asiye na cheti chochote anayelea watoto wanane sebuleni kwake, akamwelekeza kwa ofisa ustawi wa jamii kwanza, kisha akampangia tarehe.

Fedha zenyewe hazina ubaya. Rotari ilipoanzisha PolioPlus mwaka 1985 ilijiwekea lengo la kukusanya dola milioni 120, na kufikia 1988 ilikuwa imevuka milioni 240. Mwaka huo polio ilikadiriwa kuwapata watu 350,000 duniani. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa imetokomeza virusi vya asili vya ugonjwa huo. Pesa hizo zilikuwa na kazi yenye jina. Kinachomkera mratibu ni hundi ya kadibodi, ndefu kama mlango, inayoshikwa na watu sita wakitabasamu, na baada ya picha hakuna anayejua ilikwenda kununua nini.

Mgeni aliyeitikisa klabu zaidi hakuhitaji hundi kabisa. Alikuwa mtu mzima wa makamo, kutoka nyumba inayowahifadhi waraibu wa heroini wanaopata nafuu, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alieleza methadoni bila kuipamba. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, hospitali nyingine za jiji zikafuata. Kwa kawaida dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na anayeruka siku anajihatarisha kurudi kwenye unga. Kisha akasema: "Sikuja kuomba hela. Hela nikipewa leo, mimi mwenyewe naiogopa. Naomba kazi za watu watatu."

Klabu iliyokuwa imezoea kuchanga mamilioni kabla ya chai kupoa ilishikwa na kigugumizi. Mtu akauliza kama wataiba. "Wanaweza," mgeni akajibu. "Hata uliyenaye sasa anaweza." Watu wakacheka, ila mkono haukunyanyuka, na kengele ikalia. Ni nje, kwenye maegesho, ndipo mwenye gereji alipomfuata na kumuuliza kuhusu saa. Gereji yake hufungua saa moja na nusu asubuhi. Kijana angetoka kliniki saa ngapi?

Walikubaliana saa tatu. Wa kwanza alidumu hadi mvua za masika, akarudi kijiweni. Mwenye gereji alimfuata mara moja, hakumpata. Wa pili bado yupo, ananyoosha bodi na kupaka rangi, na sharti la kulipwa kwa wiki badala ya mwezi ni lake mwenyewe: kila Ijumaa nusu ya malipo hutumwa moja kwa moja kwenye simu ya mama yake, Tandale. Wa tatu alikosa wa kumchukua. Daftari la wageni sasa liko kwa mfamasia kijana, na wanachama wengine wawili wamemwomba namba ya ile nyumba. Mmoja ana tanuri la mikate linalowashwa saa kumi alfajiri, na bado wanatafuta namna ya mfanyakazi kutoka katikati ya zamu, awahi dozi, arudi kabla mikate ya mchana haijaingia motoni.